Skrubu Bila Pezi

Ubao wa kutelezea juu ya mawimbi ya bahari ulikuwa umelazwa chali juu ya meza mbili zilizosogezwa pamoja katika chumba cha vielelezo cha polisi, tumbo juu, mkia wenye mapezi kama ya samaki ukielekea dirishani. Koplo alikuwa ameshauandikia lebo: Ubao wa mawimbi, mmoja, wenye hitilafu.

"Nani amekwambia una hitilafu?" mpelelezi aliuliza.

"Afande, si unaona mwenyewe? Pezi la kushoto kubwa, la kulia dogo, na la kati halipo kabisa. Ni sawa na mtu kuvaa kiatu cha namba nane huku na cha namba sita kule. Halafu fundi mwenyewe kaja asubuhi hii kwa miguu yake, kakiri. Jalada limejifunga lenyewe."

Pale kituoni mpelelezi huyo walimwita Bi Kwanini, ingawa si mbele yake. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwili wa kutosha, na hakujua kuogelea hata kidogo. Hakuwa amewahi kugusa ubao wa mawimbi maisha yake yote. Ndiyo maana aliukagua polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko asiouzoea.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jana, saa moja na nusu asubuhi, watu wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi ufukweni walisikia sauti ikiita, "Njooni! Njooni huku!" Walipofika walimkuta mwanamke amelala ukingoni mwa maji, hajitambui, paja la kulia limepasuka kwa jeraha refu, na juu ya jeraha pamekazwa kamba. Ubao wake ulikuwa hatua chache kutoka alipolala. Mji mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha kuogelea kwenye bwawa la manispaa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na dhaifu tangu maradhi ya utotoni. Wa kulia ndio uliombeba miaka yote, na huo ndio uliokatwa.

Maelezo ya fundi aliyeutengeneza ubao yalikuwa mistari mitatu. Sikukaza skrubu ya pezi la kati. Pezi la plastiki likachomoka zima, likamkata. Kosa ni langu peke yangu.

Mpelelezi aliinama juu ya mkia. Katikati ya ubao palikuwa na mfereji mwembamba wa urefu wa kiganja, uliokusudiwa kushika pezi. Ndani ya mfereji, mbele kabisa, skrubu ilikuwa imetulia na kibati chake kidogo chini yake. Aliomba bisibisi. Skrubu ilikataa kidogo, ikalegea kwenye mzunguko wa tatu.

"Koplo, mwizi akiung'oa mlango, bawaba na skrubu zake unazikuta zimekazwa vizuri ukutani?"

"Hapana, afande. Zinatoka na vipande vya ukuta."

"Na hapa kingo za mfereji hazina hata mkwaruzo. Pezi hili halikuchomoka. Limetolewa kwa mkono, na aliyelitoa akairudisha skrubu mahali pake isije ikapotea."

Koplo alijikuna kidevu. "Sasa mzee anakiri nini?"

"Hilo ndilo nami najiuliza."

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa pezi la kushoto, kisha la kulia. Yote mawili yalikuwa yamepigwa msasa hadi kuwa mviringo; kwa kingo zile hata ndizi mbivu isingekatika. Akaifuata kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtu na ubao wake asije akaachwa na mawimbi. Ilikuwa nyeusi, nzima, ingali imefungwa mkiani. Kisha akafungua mfuko ulioletwa kutoka hospitali, wenye kamba ambayo wauguzi waliikata pajani mwa Mwalimu. Hiyo ilikuwa ya buluu, nyembamba zaidi, nayo pia ya mguuni.

"Mtu mmoja," alisema, "kamba mbili."

"Kulikuwa na mwingine majini."

"Na ndiye aliyeita watu. Wewe umeandika kwamba Mwalimu aliita kisha akazimia. Mtu aliyevuja damu kiasi kile hana pumzi ya kuita."

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye sauti kavu isiyopoteza neno.

"Mgonjwa wako homa imepanda tangu alfajiri," alisema. "Mguu chini ya goti umeanza kuwa baridi. Nadhani kuna kitu kimebaki ndani, lakini eksirei haionyeshi chochote. Nimeambiwa alikatwa na pezi la plastiki lililochomoka zima. Ni kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu ana damu kidogo mno. Sitaki kumpasua tena bure, nikitafuta nisichokijua. Kama kilichomkata kilivunjika, niambie ni kitu gani na kimepungua kiasi gani. Kama hakikuvunjika, niambie vilevile. Siwezi kungoja kupita saa kumi."

Saa ya ukutani ilionyesha saba na robo mchana.

*

Fundi alikuwa katika chumba cha mahojiano, ameketi wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, na kucha zake zilikuwa zimeingia resini, ile gundi ya kupaka mbao, iliyokauka, isiyotoka hata kwa kisu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshaandika yote. Nifungieni tu."

"Nitakufungia ukishanieleza. Ile skrubu ilikwenda wapi?"

"Ilianguka baharini pamoja na pezi."

Mpelelezi akaiweka mezani, skrubu na kibati chake. "Nimeifungua mimi mwenyewe, sasa hivi. Ilikuwa imekazwa barabara."

Mzee aliitazama kama mtu aliyekutana na shahidi asiyemtarajia.

"Haya, tuiache. Nieleze mapezi. Koplo wangu anasema umemvalisha mtu viatu vya namba mbili tofauti."

"Koplo wako hajui kitu!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Samahani. Lakini hajui. Mwalimu husimama mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Mguu wa nyuma ndio usukani. Mtu mwingine akitaka kukata kona anakanyaga tu, ubao unageuka. Yeye akikanyaga na mguu ule, ubao unamuuliza: umesemaje?"

Mpelelezi alitabasamu. Mzee naye karibu atabasamu.

"Basi nikasema tuupunguzie ubao ukaidi. Nikatengeneza mapezi ya kutoa na kuweka, makubwa kwa madogo. Na la kati nikalitengenezea mfereji, litembee. Ukilisogeza mbele, ubao unageuka kwa urahisi. Ukilirudisha nyuma, unatulia. La kushoto tumeliweka kubwa kwa sababu ndiko anakoelemea, lishike maji zaidi. Tumelitafuta hilo miezi saba, majaribio arobaini na moja. Na si kwa ajili yake peke yake. Kule bwawani ana wanafunzi wanne wenye miguu kama wake, wanangoja tupate jibu."

"Na kingo zake unazipiga msasa namna ile yote?"

"Yote. Nina miaka thelathini na tano kwenye kazi hii, sijawahi kumpa mtu kisu aingie nacho majini."

"Basi pezi lako lilimkataje?"

Mzee aliuinua mkono, akaurudisha mezani.

"Fundi, nani alikuwa na Mwalimu majini?"

"Hakuna."

"Ufunguo wa karakana anao nani?"

"Binti yangu... hapana, ninao mimi hapa. Binti yangu hayupo. Ameenda kwa shangazi yake tangu juzi, hajui lolote."

Mpelelezi aliinuka. Alikuwa ameuliza habari za ufunguo. Habari za shangazi hakuziuliza, wala za juzi.

"Nipe ufunguo, mzee wangu," alisema kwa upole.

Alimwacha koplo na fundi, akaondoka peke yake.

*

Karakana ilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya vipuri. Vumbi jeupe la msasa lilikuwa limekaa juu ya kila kitu: mashine ya randa, mikebe ya resini, hata nyaya za taa. Ukutani, mapezi yaliningʼinia kwenye misumari kwa jozi, kila moja limeandikwa namba na tarehe. Mengine yalikuwa ya plastiki, mengine ya faiba. Kwenye benchi palikuwa na daftari kubwa lililofungwa kwa kamba ya kiatu.

Alilifungua. Mwandiko mmoja ulikuwa wa kulala, wa haraka, wa Mwalimu mwenyewe. Jaribio la 33. La kati mbele kabisa. Nimegeuka kulia bila kuuomba ruhusa mguu! Chini yake, mwandiko mzito wa fundi: Vizuri. Lakini kwa kasi linayumba. Rudisha nyuma nusu kidole. Waliendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa, wakibishana kama watani.

Jaribio la 41 lilikuwa la wiki iliyopita. Fundi aliandika: Mbele haliwezi kwenda zaidi. Usilitoe kabisa. Bila la kati mkia hauna mshiko majini.

Na chini, mwandiko wa Mwalimu kwa kalamu nyingine, kwa tarehe ya juzi: Kesho tunalitoa. Asiambiwe mtu.

Mpelelezi aliweka kidole chini ya neno lile. Tunalitoa. Kando yake, pembezoni mwa karatasi, palikuwa na mwandiko wa tatu, wa herufi za duara: Na mimi najaribu langu la mti!

Akaangalia rafu ya kuwekea mbao za mawimbi. Nafasi sita, mbao tano. Kwenye nafasi iliyobaki wazi vumbi lilikuwa limefutika kwa umbo la ubao, na sakafuni chini yake palikuwa na doa la maji yaliyokauka yakaacha chumvi. Nyuma ya malundo ya povu gumu lisilochongwa, mkia wa ubao wa sita ulikuwa ukichungulia. Mfereji wake ulikuwa mtupu. Na mahali pa kufungia kamba ya mguuni palikuwa patupu pia.

Kwenye ukingo wa dirisha dogo palikuwa na kikombe. Akakigusa.

"Chai hii ina moto bado," alisema kwa sauti ya kawaida. "Toka tu, mwanangu. Sijaja na pingu, na goti langu halinipi ruhusa ya kumkimbiza mtu."

Kilichojibu kwanza ni mlango wa chumba cha kukaushia. Binti alitoka, umri wa miaka ishirini na mbili hivi, mrefu kama baba yake, macho yamevimba. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mekundu ya kuvuta kamba.

"Shikamoo," alisema. Hata sasa hakuisahau adabu. Kisha: "Amekufa?"

"Marahaba. Hajafa. Pezi lako la mti liko wapi?"

"Baba amelichukua. Alisema atalitupa mbali."

"Lilivunjika?"

"Sijui. Sikuliangalia. Nililiona lina damu tu, nikafumba macho. Baba ndiye aliyelifungua." Alijishika mikono. "Nililitengeneza mwenyewe. Tabaka tisa za mti, nikazigundisha, nikalichonga usiku na mchana. Nilitaka baba alione likiwa limeshafanya kazi. Ukingo sikuupiga msasa, niliuacha mwembamba uchane maji haraka. Yeye angenizuia. Mwalimu aliniambia twende pamoja asubuhi, kila mtu ajaribu lake, kisha tumwambie baba kwa pamoja."

Mpelelezi alikwisha kutoa simu. Alimpigia koplo, akamwambia ampe fundi. Kisha akamkabidhi binti ile simu.

"Sema naye wewe. Mwambie daktari anaamini ni plastiki, zima, kwa sababu baba yako ndiye aliyesema hivyo. Mwambie mguu unazidi kuwa baridi, na huenda kuna kitu kimebaki ndani."

Binti alimkazia macho. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Baba."

Sauti ya mzee ilisikika hadi alipokuwa mpelelezi. "Nilikwambia uende kwa shangazi yako!"

"Baba, huenda kuna kipande ndani ya mguu wake. Daktari hajui atafute nini. Lile pezi umelitupa wapi?"

Upande wa pili ilisikika pumzi tu, nzito, na kwa mbali koplo akikohoa.

"Baba, yule ndiye aliyenifundisha kuogelea. Akifa kwa sababu yako na yangu, nitakwenda wapi? Kwa shangazi?"

"Sikulitupa," mzee alisema hatimaye. "Nilishindwa. Nililibeba hadi kwenye jiko la kuchomea takataka, nikaliangalia. Mwanangu, mimi pezi kama lile sijawahi kulichonga. Liko kwenye pipa la vumbi, chini kabisa."

Pipa lilikuwa nyuma yao. Binti alilipindua, vumbi likafumuka chumba kizima, wakapiga chafya wote wawili. Akaingiza mkono, akalitoa pezi lililofungwa kwenye shati kuukuu la baba yake. Lilikuwa jembamba, la rangi ya asali, tabaka za mti zikipishana kama mistari ya kiganja. Ncha yake ilikuwa imekatika.

"Una mchoro wake?"

Binti alivuta karatasi kutoka kwenye msumari, kigezo alichokifuata alipokuwa akilichonga. Mpelelezi akalilaza pezi juu yake, kitako kwenye kitako. Kilichopungua kilionekana wazi kabisa, kipande cha umbo la ukucha mrefu. Akapima kwa rula, kisha akapima tena, akampigia daktari. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Ni mti," alisema. "Si plastiki. Umepakwa resini. Kimepungua kipande cha sentimita tatu na nusu kwa urefu, upana wa kidole cha mwisho pale kilipokatikia, na ncha imepinda kuelekea nyuma. Ninacho kigezo mkononi."

"Mti hauonekani kwenye eksirei," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. "Niletee hicho kigezo. Sasa hivi."

*

Ndani ya gari binti alisimulia bila kuulizwa. Majini, alisema, wimbi moja ni la mtu mmoja: aliye karibu zaidi na pale linapovunjikia ndiye mwenyewe, mwingine hukaa pembeni. Alidhani wimbi lile lilikuwa lake, akalishika, pezi lake likachana maji kama lilivyokusudiwa. Halafu Mwalimu akawa mbele yake. Hakuona alikotokea.

"Nilimwingilia," alisema. "Lazima nilimwingilia. Nilikuwa nimelewa furaha, sikuangalia. Nikavua kamba yangu ya mguuni, nikamfunga kama alivyotufundisha kwenye somo la uokoaji, juu ya jeraha, unasokota hadi damu isimame. Nikamvuta. Nikaita watu. Walipokaribia nikaona kwamba mguu uliokatwa ni ule mzima. Ule mzima, mama. Miguu yangu ikaondoka yenyewe."

Mpelelezi alikuwa na maneno kadhaa ya kumfariji, na kila moja aliliona jepesi.

Nje ya chumba cha upasuaji palikuwa na benchi moja refu. Mume wa Mwalimu, karani wa posta, alikuwa ameketi hapo tangu jana na shati lilelile. Kwenye maelezo ambayo koplo alimwandikia hapo benchini asubuhi ile alisema kwamba fundi ni mwuaji, na kwamba angehakikisha karakana ile inafungwa. Alimwona mpelelezi akimpa muuguzi karatasi na pezi lililovunjika. Akamwona binti. Akaelewa.

Akasimama. Mpelelezi alisogea hatua moja, akawa katikati yao.

"Ni wewe?" mume aliuliza.

"Ni mimi, kaka." Binti hakurudi nyuma. "Pezi ni langu. Baba hana kosa, alidanganya kwa ajili yangu. Nilikimbia."

"Kamba ni ya nani?"

"Kamba gani?"

"Ya buluu. Aliyofungwa nayo."

"Yangu."

Mume aliendelea kumtazama. "Daktari aliniambia jana," alisema taratibu, "kwamba bila kamba ile angefika hapa maiti. Nimekaa usiku kucha nikiwaza nimtafute wapi mtu huyo nimpe mkono. Na huku nawaza nimtafute wapi aliyemkata, nimvunje shingo." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa mnaniletea mtu mmoja. Nifanye nini?"

Akaketi tena, kwa uzito, kama gunia lililotuliwa. Baada ya muda alisogea upande mmoja wa benchi.

"Kaa," alisema bila kumtazama. "Utaanguka."

Ilichukua saa moja na dakika ishirini. Daktari alitoka akiwa na bakuli la chuma. Ndani mlikuwa na kipande cha rangi ya asali, na kilipowekwa juu ya kigezo kilijaza pengo lake bila kubakiza. Kilikuwa kimelala kando ya mshipa mkubwa, alisema, kikiubana. Angekitafuta kwa kubahatisha angeukata. Mguu ulikuwa umeanza kupata joto. Atatembea, ingawa si leo wala mwezi huu.

Binti alikwenda dirishani, akawageuzia mgongo wote.

*

Mkuu wa kituo alitaka jalada lisomeke kwa neno moja. Mpelelezi aliandika "ajali" kwa penseli, isije ikabidi kufuta Mwalimu akishahojiwa, akaacha penseli mezani. Fundi aliandika maelezo mapya, kurasa nne safari hii, akaonywa kwa maandishi kwa kuwadanganya polisi, na akaambiwa kwamba iwapo Mwalimu atataka kushtaki, jambo hilo litafunguliwa upya. Alitia sahihi bila kubisha.

"Kumbe ningemwua mimi," alimwambia mpelelezi mlangoni, "kwa kumficha mtoto."

"Nenda nyumbani, Fundi. Umelala kwenye kiti siku mbili."

Siku ya tatu baada ya upasuaji daktari aliruhusu maswali, dakika kumi tu. Mwalimu alikuwa amekaa akiegemea mito mitatu, mdomo umekauka, macho yako hai kabisa. Mumewe alikuwa amemshikia kikombe.

"Nasikia wewe ndiwe uliyesoma daftari letu," Mwalimu alisema. "Mwandiko wangu umekutesa?"

"Wa fundi ndio ulionitesa. Mwalimu, nina swali moja. Ukilijibu naondoka. Wimbi lile lilikuwa la nani?"

"Kwani anasemaje mtoto?"

"Anasema alikuingilia."

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa ile ya kufundishia, ya kusikika upande wa pili wa bwawa.

"Andika," alisema. "Wimbi lilikuwa lake. Alilishika vizuri, mapema, mahali penyewe. Mimi nilikuwa pembeni, nikaingia kwenye zamu yake kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonja ubao bila pezi la kati. Fundi alinikataza kwa maandishi. Nilipoupinda, mkia ukateleza kama sabuni sakafuni, ukanitupa mbele yake. Hakuwa na pa kupita. Na mimi ndiye niliyemwambia asimwambie baba yake. Umeandika hilo?"

"Nimeandika."

"Ukingo ule ni mkali mno, atausawazisha. Hilo nitamwambia mwenyewe." Akapumua. "Yuko wapi?"

"Nje. Anakuja kila siku, anakaa kwenye benchi. Anaogopa kuingia."

"Msomee kwanza."

Mumewe aliufungua mlango. Binti aliruka wima kwenye benchi, baba yake pembeni yake, kofia mkononi. Mpelelezi alibaki amesimama kwenye korido, watu wakipita na vitanda vya magurudumu, akausoma ukurasa ule kuanzia jina la jalada hadi nukta ya mwisho. Wimbi lilikuwa lake. Alilishika vizuri.

Binti alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi kana kwamba imeandikwa lugha asiyoijua.

"Naomba urudie," alisema.

Mpelelezi akarudia, taratibu zaidi, na hakuinua macho hata aliposikia kilio cha binti kinaanza.